Pini Ikihama na Nyumba Ikabaki: Kutunza Kodineti za Anwani Ramani za Mtandaoni Zinapobadilika

Chukulia muuza dawa wa jumla aliyeko katikati ya jiji la Mwanza. Ana orodha ya maduka ya dawa anayoyahudumia: Nyegezi, Buhongwa, Igoma, Buswelu, Kisesa, na mengine ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe. Kila duka lina jina, simu, anwani, na namba mbili ndefu ambazo dereva hazisomi lakini simu yake inazitegemea: latitudo na longitudo, yaani kodineti zake. Namba hizo ziliingizwa miaka kadhaa iliyopita. Mtu aliandika anwani kwenye ramani ya mtandaoni, ramani ikajibu, jibu likanakiliwa kwenye kanzidata. Tangu hapo hakuna aliyezigusa, na ofisi nzima inaziamini kwa sababu zina desimali nyingi.

Leo akiiandika anwani ile ile, ramani inampa namba tofauti. Duka halijahama, hata rangi ya mlango haijabadilika. Ipi ni sahihi, ya zamani au ya leo?

Swali hili linawakuta wote wanaotunza anwani: benki, hospitali, wasoma mita za maji, wasambazaji wa soda. Wengi hulijibu kwa njia mbili ambazo zote zina hasara. Wapo wanaozishikilia namba za zamani milele, na wapo wanaozifuta zote usiku mmoja na kuweka za leo. Makosa yao yana mzizi mmoja. Kilichohifadhiwa kwenye kanzidata hakikuwa mahali duka lilipo. Kilikuwa jibu ambalo ramani fulani ilitoa, siku fulani, kwa swali lililoandikwa namna fulani. Ni sawa na kuuliza njia kwenye kijiwe cha bodaboda: unachoelezwa kinategemea nani amekaa pale siku hiyo na wewe umeulizaje.

Tuanze na namba zenyewe. Mwanza mjini iko karibu na latitudo -2.52 na longitudo 32.90. Alama ya kutoa inaonyesha kuwa tuko kusini mwa ikweta. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, na kwa kuwa ikweta iko jirani, digrii moja ya longitudo huku kwetu nayo ni karibu hizo hizo. Kwa hiyo hesabu ya watu wa ziwani ni nyepesi: desimali ya tatu ni mita 111, ya nne ni mita 11, ya tano ni kama mita 1. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi, na katikati ya maghorofa au ubavuni mwa mwamba mkubwa hukosea zaidi. Namba iliyotoka kwenye simu ikiwa na desimali nane, tatu za mwisho hazina habari yoyote ndani yake. Wingi wa desimali si kipimo cha usahihi, na naona hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Usahihi wenyewe uko kwenye jambo jingine ambalo kwa kawaida halinakiliwi. Ramani inapogeuza anwani kuwa kodineti, haijibu kwa uhakika ule ule kila mara. Huduma ya Google Maps wanayoitumia waandaaji wa programu hutoa jibu pamoja na daraja lake, na madaraja ni manne: jengo lenyewe, makadirio kati ya nukta mbili zinazojulikana, kama makutano ya barabara, katikati ya umbo kubwa, kama barabara au eneo, na makadirio ya jumla tu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina programu ya utafutaji iitwayo Nominatim. Hiyo ikikosa namba ya nyumba hukurudishia barabara yenyewe, na pini, ile alama ya mahali kwenye ramani, inawekwa kwenye nukta moja ya barabara hiyo. Ukilitazama jibu harakaharaka linafanana na jibu la nyumba: namba mbili, desimali nyingi. Aliyenakili namba mbili bila kunakili daraja lake ametupa nusu ya jibu, tena ile nusu ambayo angeihitaji leo.

Sasa tuone kinachosogea. Sababu ni nyingi na hazifanani, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Sababu inayonivutia kuliko zote ni ya barabara kukatwa vipande. Kwenye OpenStreetMap barabara si kitu kimoja kirefu. Ni mfululizo wa vipande, na kila kipande kina namba yake ya utambulisho. Tuseme barabara ya vumbi huko Buswelu imewekwa lami nusu. Mchoraji wa ramani ataikata pale lami inapoishia, maana sehemu moja sasa ina sifa za lami na nyingine bado ni vumbi. Sehemu moja hubaki na utambulisho wa zamani, nyingine hupewa mpya. Kama barabara ilikuwa na urefu wa kilomita 2 na pini ilikaa katikati yake, sasa pini inakaa katikati ya nusu mojawapo. Imesogea mita 500. Hakuna jiwe lililosogea ardhini, hakuna mtu aliyekosea, na ramani imekuwa bora kuliko jana. Lakini aliyeandika kwenye kanzidata kwamba duka liko hapo amebaki na nukta isiyo na maana tena, na kusema kweli haikuwahi kuwa na maana. Hali hiyo hiyo hutokea kwenye kata: mpaka ukichorwa upya, katikati ya kata inahama, na kila anwani iliyotafutwa kwa jina la kata tu inahama nayo.

Majengo nayo yana vituko vyake. Mtu akifuta umbo la nyumba lililochorwa vibaya na kulichora upya, nyumba inapata utambulisho mpya, na kanzidata iliyoushika ule wa zamani inaelekea kwenye kitu kilichofutwa. Siku hizi kuna pia majengo yanayotambuliwa na mashine kutoka kwenye picha za setilaiti. Google ilitoa hazina yake ya majengo mwaka 2021, ikianza na Afrika. Picha zenyewe hupishana kwa mita kadhaa, na kwenye milima tofauti huwa kubwa zaidi kwa kuwa setilaiti hupiga picha kwa pembe na masahihisho hutegemea jinsi umbo la ardhi linavyojulikana. Kwa mji kama wetu, wenye nyumba zilizopandana juu ya mawe kule Mabatini na Igogo, jambo hili si dogo. Mchoraji akiiacha picha moja na kuchora kwa kutumia nyingine, mtaa mzima unaweza kusogea kwa mita zile zile kuelekea upande ule ule.

Kuna watakaotaja kwamba hata ardhi inasogea. Ni kweli, bamba la Afrika husogea sentimita 2 hadi 3 hivi kwa mwaka. Hilo ni la wapimaji wa ardhi. Anayepeleka makasha ya dawa asilipotezee muda.

Majina yana uzito zaidi. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, anwani zilizoandikwa "Geita, Mwanza" zilibaki kwenye makabati na kwenye kompyuta bila kubadilishwa. Ukiitafuta anwani ya namna hiyo leo, programu inalazimika kuchagua iamini neno lipi, na uchaguzi huo hubadilika kila kanuni za utafutaji zinaporekebishwa. Kisesa iko Magu, mkoani Mwanza, na Kisesa nyingine iko Meatu, mkoani Simiyu. Hata Mwanza yenyewe ina mwenzake kusini mwa Malawi, kwenye mpaka wa Msumbiji. Anwani isiyotaja wilaya na nchi inaweza kujibiwa vizuri kwa miaka mitano, kisha siku moja jibu likaruka kilomita nyingi kwa sababu tu yule mwenzake ameongezewa taarifa kwenye ramani.

Halafu likaja zoezi la Anwani za Makazi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, mitaa iliwekewa vibao, nyumba zikapewa namba, na postikodi zikaanza kusikika midomoni mwa watu; za mkoa wa Mwanza zinaanzia na 33. Ni hatua kubwa na ninaishangilia. Kwa mtunza kodineti, hata hivyo, maana yake ni kwamba nyumba ile ile sasa ina anwani mbili: ile ya mdomoni, "nyuma ya msikiti, ukipita mashine ya kusaga", na ile rasmi yenye namba na jina la barabara. Ramani za mtandaoni haziijui ya kwanza, na hiyo ya pili zinaijua kwa viwango tofauti. Ukitafuta kwa namba rasmi mahali ambapo ramani bado haina namba za nyumba, unarudi kwenye ile nukta ya barabara niliyoieleza.

Na wakati mwingine dunia yenyewe ndiyo imebadilika. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Duka la Sengerema liko palepale na kodineti zake ni zile zile, lakini muda wa safari uliohesabiwa kwa kivuko umekuwa uongo. Ndiyo maana nashauri muda wa safari usihifadhiwe kana kwamba ni sifa ya duka. Uhesabiwe upya kila unapohitajika. Ziwa nalo halina ukingo wa kudumu. Mei 2020 maji yalipanda kufikia kiwango cha mwaka 1964 na kukipita kidogo, na katika miaka ya namna hiyo vibanda vya mialoni, wavuvi wanakoshusha samaki, huhamishiwa juu, ilhali picha ya setilaiti bado inaonyesha ukingo wa zamani. Pini ya kibanda cha mwaloni inastahili kukaguliwa mara nyingi kuliko pini ya jengo la benki.

Ukishaziona sababu hizi, unaona pia kwa nini safu mbili za latitudo na longitudo hazitoshi. Kanzidata iweke anwani kama mwenyewe alivyoitamka, bila kuinyoosha, na iweke anwani rasmi pembeni yake. Kodineti ziandikwe pamoja na zilikotoka, tarehe, daraja la jibu, na utambulisho wa kitu kilichorudishwa na ramani. Zaidi ya yote, pini iliyopimwa isichanganywe na pini iliyoulizwa. Dereva aliyesimama mbele ya mlango wa duka akabonyeza simu yake amepima. Karani aliyeandika anwani kwenye kompyuta ameuliza. Pini ya dereva haifutwi na jibu lolote la ramani, hata ramani ikiwa mpya namna gani. Inafutwa na kipimo kingine cha mlangoni, au na habari kwamba duka limehama.

Mlango, tena, uwe mlango kweli. Kwenye jengo refu la sokoni, katikati ya paa ni mahali ambapo hakuna mtu anayeingilia. Na huko vilimani mita 30 kwenye mstari ulionyooka zinaweza kuwa upande wa pili wa mwamba, na bodaboda ikalazimika kuzunguka ipande kwa njia nyingine kabisa. Nyakato, penye tambarare, mita 30 hizo hizo dereva anaziziba kwa macho.

Kukagua ni hivi. Unaiuliza ramani upya, unaliweka jibu jipya kwenye safu yake, hufuti la zamani, kisha unapima umbali kati ya mawili. Tuseme pini iliyohifadhiwa ni -2.51640, 32.91750 na jibu la leo ni -2.51690, 32.91790. Latitudo zimetofautiana kwa 0.00050, yaani mita 55 hivi. Longitudo kwa 0.00040, yaani mita 44. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: umbali ni kama mita 71. Hadi hapo hujajua nani mkosaji. Umejua tu kwamba kuna la kuuliza.

Majibu huanza kujitokeza unapoitazama orodha nzima kwa pamoja, na kazi hii huwa inafaa sana kuifanya kwenye ramani, kwa kuchora mshale kutoka pini ya zamani hadi mpya. Mishale mingi ya mtaa mmoja ikielekea upande mmoja kwa urefu unaolingana, picha ya setilaiti ndiyo iliyobadilika, au mfumo wa vipimo. Mshale mmoja ukiruka hadi Simiyu au Malawi, ni jina. Mishale ya sehemu mbalimbali ikikutana kwenye nukta moja, utafutaji umeshuka daraja na kuangukia katikati ya barabara au kata. Hilo la mwisho unaweza kuligundua hata bila kuchora: maduka matano yenye kodineti zinazofanana hadi desimali ya mwisho, nayo hayako jengo moja, hayakuwahi kupatikana. Ningeanza na hayo kabla ya mengine yote, maana huko ndiko dawa zinakochelewa.

Mifumo ya vipimo, yaani kanuni za kuhesabu kodineti juu ya umbo la dunia, inahitaji maneno yake. Ramani za mtandaoni na simu tunazozitumia huku hutumia mfumo wa WGS 84. Ramani za zamani za serikali na michoro mingi ya viwanja nchini ilitumia mfumo wa Arc 1960, na tofauti kati ya mifumo hiyo huku kwetu ni karibu mita 300, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Kwa hiyo mtu akikuletea kodineti kutoka kwenye hati ya kiwanja, muulize mfumo kabla ya kuziingiza. Mita 300 ni nyingi kiasi cha kupotosha, lakini ni chache kiasi kwamba jicho halishtuki, kwa kuwa pini bado inaangukia mtaa unaofahamika. Kosa la namna hiyo hukaa kwenye kanzidata miaka.

Makosa ya uandishi yanashtua zaidi, na ni rahisi kuyanasa. Alama ya kutoa ikipotea, pini ya Mwanza inakwenda kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, inaangukia mashariki mwa Morocco. Hili la pili hutokea kwa sababu baadhi ya mafaili, hasa ya GeoJSON, mtindo mmoja wa kuandika data za ramani, huandika longitudo kwanza. Kanuni moja ndani ya programu inatosha: kwa wateja wa mkoa huu, latitudo isiyo kati ya -1 na -4, au longitudo isiyo kati ya 31 na 35, ikataliwe palepale inapoingizwa.

Kuna pia masharti ya wenye ramani, na wengi huyavunja bila kujua. Kwa masharti ya kawaida ya Google Maps, kodineti zilizopatikana kwa kuuliza huruhusiwa kutunzwa kwa muda tu, siku 30. Kinachoruhusiwa kutunzwa bila kikomo ni utambulisho wa mahali, ambao Google wenyewe wanashauri uhakikiwe ukizidi miezi 12, kwani nao hubadilika. OpenStreetMap inaruhusu kutunza, mradi utaje chanzo na ufuate leseni yake. Ila seva ya umma ya Nominatim haitaki zaidi ya swali moja kwa sekunde, na haikuwekwa kwa ajili ya kukagua maelfu ya anwani. Mwenye orodha ndefu apakue data ya Tanzania, ambayo kampuni ya Geofabrik huitoa upya kila siku, na aweke Nominatim kwenye kompyuta yake. Faida yake ni kubwa kuliko kukwepa foleni: unajua data yako ni ya tarehe ipi, na unaamua mwenyewe lini uibadilishe.

Pini ya nyumba ya mtu, au ya duka analolala ndani yake, ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza ahakikishe ni sahihi. Pini ya zamani isiyokaguliwa ina uzito wa kisheria pia.

Yapo maeneo ambayo maswali yote haya hayafiki mbali. Kwenye visiwa, Ukara na vidogo vinavyoizunguka Ukerewe, unaweza kuandika jina la kijiji kwa usahihi wote na ukapata nukta moja tu ya kijiji kizima. Huko pini itoke kwa mtu aliyefika. Mpe nahodha au mhudumu wa afya simu yenye GPS, asimame mlangoni, asubiri kidogo namba zitulie, aandike na tarehe. Kisha pini ya duka hilo iongezwe kwenye OpenStreetMap, mwenye duka akiridhia, pamoja na jina kama lilivyo kwenye kibao chake. Wengine watakaotafuta watalikuta, na Nominatim yako italijua ukishapakua data mpya. Usichukue pini kutoka Google Maps na kuipachika OpenStreetMap. Leseni hairuhusu, na wachoraji wenzako wataiondoa.